Saratani ya Titi Isiyo na Uvimbe: Aina Adimu Zinazotupita Machoni

Chuchu inayowasha, inayochubuka na kutoa majimaji haimpeleki mtu hospitali mbio. Ananunua krimu katika duka la dawa la karibu, iwe ni Kondele kule Kisumu au Free Area hapa Nakuru, anapaka, inapungua, kisha inarudi. Shangazi anamwambia ni sidiria mpya. Jirani anasema ni mtoto aliyeanza kuota meno. Yeye mwenyewe amejipima kama alivyoonyeshwa kliniki, vidole havijagusa uvimbe wowote, basi anatulia. Redioni, kanisani na katika mabango ya Oktoba amefundishwa kwamba saratani ya titi ni uvimbe.

Fundisho hilo ni la kweli kwa wagonjwa walio wengi na limeokoa maisha. Saratani nyingi za titi huanza katika mirija ya maziwa na hujitokeza kama uvimbe mgumu usiouma. Kwa makadirio ya kimataifa, Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 6,700 wa saratani ya titi mwaka 2020, na wengi wao ni wa aina hiyo. Lakini miongoni mwao wamo ambao ugonjwa wao ulianzia kwenye ngozi, kwenye chuchu, au uliwajia kama titi lililovimba lote kwa pamoja. Hao ndio wanaopoteza miezi mitatu, minne, hata mwaka mzima kwa dawa za jipu na ukurutu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba saratani inaweza kuja kwa sura hiyo. Wengine wanaupata uvimbe, lakini ni wa aina inayotaka matibabu tofauti kabisa na yale ambayo jirani yao alipewa, na wanachanganyikiwa. Nitazieleza aina hizi kwa kadiri ya hatari ya kukosewa, si kwa mpangilio wa kitabu.

Titi linalovimba kama lina jipu

Saratani inayoitwa inflamatori ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, maana haimpi mtu muda. Nchini Marekani inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 1 na 5 ya saratani zote za titi, na huko imeonekana kuwapata zaidi wanawake weusi kuliko weupe, tena mara nyingi wakiwa na umri mdogo kuliko wagonjwa wengine wa saratani ya titi. Seli zake huziba mishipa midogo ya limfu iliyo ndani ya ngozi. Majimaji yanakosa njia ya kutoka, na titi linajaa. Katika muda wa wiki chache titi moja linakuwa kubwa kuliko lenzake, linakuwa zito na lenye joto, na ngozi inanenepa na kuingia vishimo vidogo vidogo mithili ya ganda la chungwa. Chuchu inaweza kuzama. Tezi za kwapani zinaweza kuvimba. Uvimbe wa kushikika mara nyingi haupo, na hata mamogramu, yaani eksirei ya titi, huenda isionyeshe kitu zaidi ya ngozi iliyonenepa.

Maelezo mengi ya ugonjwa huu yanasema titi huwa jekundu, na hapo ndipo sisi wenye ngozi nyeusi tunapoachwa nje. Juu ya ngozi yetu wekundu huo huonekana kama zambarau iliyofifia au kahawia iliyokolea, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Mama wa Ahero au Mbale anayengoja kuona wekundu anaweza kungoja bure. Afadhali aangalie uzito wa titi, joto lake, unene wa ngozi, alama ya sidiria inayobaki muda mrefu bila kufutika, na tofauti ya ghafla kati ya titi moja na la pili.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba dalili hizi zote hufanana na maambukizi ya titi yanayowapata akina mama wanaonyonyesha. Maambukizi ya kawaida huja na homa na maumivu makali, na dawa za kuua bakteria zikitumika sawasawa, nafuu huanza kuonekana ndani ya siku mbili tatu. Tabibu akianza na dawa hizo hajakosea. Kosa ni kurudia dozi ya pili, kisha ya tatu, kila moja kali kuliko iliyotangulia, ilhali titi halijabadilika. Ikipita wiki moja hadi siku kumi bila nafuu ya kuonekana, mgonjwa anahitaji picha ya altrasaundi na kipande cha nyama na ngozi kipelekwe maabara. Ikiwa hanyonyeshi, au amekwisha kuvuka umri wa kuzaa, shaka iwe kubwa tangu siku ya kwanza. Na ikiwa titi limepasuliwa kwa kudhaniwa lina jipu na usaha haukutoka, ile nyama isitupwe, ipelekwe kupimwa. Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: kifua kikuu nacho hushambulia titi mara chache na kuliacha na kidonda kisichofunga, na dawa zake si za saratani hata kidogo.

Saratani inflamatori haina hatua ya kwanza wala ya pili. Kwa jinsi inavyoingia kwenye ngozi, inapogunduliwa huhesabiwa kuwa hatua ya tatu au ya nne. Ndiyo maana mpangilio wa tiba yake huwashangaza jamaa za mgonjwa. Wanauliza kwa uchungu mbona daktari hakati titi mara moja, mbona mama anapewa kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani, kwanza miezi kadhaa huku titi lipo. Sababu ni kwamba kisu kikipita kwenye ngozi iliyojaa seli hizo, ugonjwa unabaki katika kingo za jeraha na kurudi upesi. Kemo huanza ili kuusafisha ugonjwa ngozini, kisha titi lote linaondolewa pamoja na tezi za kwapa, halafu mionzi. Vipimo vikionyesha kuwa seli zina HER2, protini inayozichochea kukua, kwa wingi, dawa inayoilenga huongezwa. Familia inayoelewa mpangilio huu haitamhamisha mgonjwa katikati ya kemo kwenda kutafuta mtu wa kumpasua haraka.

Chuchu inayofanana na ukurutu

Mwaka 1874 daktari Mwingereza, James Paget, alieleza wanawake waliokuwa na vidonda vya chuchu visivyopona na ambao baadaye walipatikana na saratani ndani ya titi lile lile. Ugonjwa huo bado unabeba jina lake. Ni kati ya saratani 1 hadi 4 katika kila 100 za titi, na unawapata wanaume pia.

Unaanzia kwenye chuchu yenyewe, halafu unasambaa kwenye duara jeusi linaloizunguka. Ukurutu wa kawaida aghalabu hufanya kinyume: huanzia kwenye duara au ngozi ya pembeni, huiacha chuchu salama, na mara nyingi hushika matiti yote mawili. Ugonjwa wa Paget hushika upande mmoja. Kuna mwasho au kuchoma, magamba, ukoko unaobanduka na kuacha kidonda chenye majimaji, pengine damu kidogo kwenye sidiria. Chuchu huweza kulala bapa au kuzama. Karibu nusu ya wagonjwa hawana uvimbe wowote unaoshikika, ingawa karibu wote wana saratani mahali fulani ndani ya titi, aidha ile ambayo bado imefungika ndani ya mirija au ile iliyokwisha kutoka.

Krimu zenye steroidi, zile zinazouzwa bila karatasi ya daktari, zinapunguza mwasho kwa siku kadhaa, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Mtu anasema dawa inafanya kazi, anaongeza tyubu nyingine. Ningeomba kila mwenye duka la dawa kuanzia Busia hadi Nakuru aulize swali moja anapomuuzia mtu krimu ya chuchu mara ya pili: ni titi moja au yote mawili? Ikiwa ni moja, na wiki tatu zimepita, krimu si jibu. Daktari huchukua kipande kidogo cha ngozi ya chuchu kwa ganzi, kazi isiyomaliza hata nusu saa, na picha ya titi lote ifanywe ili kujua kilichoko ndani.

Saratani ya damu inapovaa sura ya saratani ya titi

Ukanda wa Ziwa una historia yake na limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za damu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza kutoka hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, kwa watoto waliovimba mataya. Leo inajulikana kuwa inahusiana na virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara, na Kisumu, Siaya, Homa Bay na majirani zao wako katikati ya eneo lake. Watoto wengi wametibiwa katika hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wakaazi wa Kisumu wangali wanaiita Russia.

Lisilojulikana sana ni kwamba limfoma hii, kwa nadra, hutokea kwenye matiti ya mwanamke kijana aliye mjamzito au anayenyonyesha. Matiti yote mawili yanakua kwa kasi ya kutisha, yanakuwa mazito na magumu, katika wiki chache tu. Kwa kuwa ni mjamzito, watu husema ni maziwa yanaingia. Na katika vijiji vingine watasema amerogwa, au ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona jambo la namna hiyo. Mwanamke huyu haponi kwa kukatwa matiti. Tiba ya limfoma ni kemo, ambayo Burkitt huitikia vizuri ikianzwa mapema. Kumwondolea titi kabla ya kuijua aina ni kumpa jeraha lisilo na faida na kumchelewesha kwa ugonjwa ambao hukua kwa siku, si kwa miezi. Zipo limfoma nyingine pia zinazoanzia kwenye titi, nyingi kwa wanawake wenye umri mkubwa, na kwa hizo vilevile kemo, pamoja au bila mionzi, ndiyo msingi wa tiba.

Uvimbe unaokua haraka

Uvimbe wa filodesi haujai hata asilimia 1 ya vivimbe vyote vya titi, lakini ukimwona mtu aliye nao hutamsahau. Ni laini pembeni, unateleza chini ya vidole, hauumi, na mwanzoni unafanana kabisa na fibroadenoma, kile kinundu kisicho na madhara ambacho wasichana wengi hukipata. Tofauti yake ni mwendo. Kinundu kilichokaa kimya kwa miaka kinaongezeka maradufu ndani ya miezi michache, kinafika hata sentimita 10 au zaidi, ngozi inanyooshwa mpaka inang'aa na mishipa ya damu inaonekana juu yake. Hupatikana zaidi kwa wanawake walio katika miaka ya arobaini.

Nafurahi kusema kwamba vivimbe vingi vya filodesi si saratani. Maabara huvigawa katika makundi matatu: visivyo vya saratani, vya katikati, na vya saratani. Lakini hata kile kisicho cha saratani kikimenywa tu na kutolewa, bila kuondolewa na ukingo wa nyama nzima unaokizunguka, kina tabia ya kurudi pale pale. Kwa sababu hiyo mpasuaji anapaswa kujua anachokitoa kabla hajashika kisu. Kile cha saratani husafiri kwa damu, mara nyingi kwenda kwenye mapafu, na ni nadra kipite kwenye tezi za kwapa, kwa hiyo tezi hizo kwa kawaida haziondolewi. Dawa za homoni, zinazowasaidia wagonjwa wengi wa saratani ya titi, hapa hazina kazi.

Metaplastiki nayo inakua mbio. Ni saratani ambayo baadhi ya seli zake zimegeuka na kufanana na seli za ngozi, za mfupa au za gegedu, na nyingi hazina vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) wala HER2, ndiyo kusema dawa zinazolenga vitu hivyo haziwezi kutumika. Huwa na ukaidi kwa kemo pia, basi upasuaji wa mapema una uzito mkubwa.

Uadimu, hata hivyo, hauna maana ya ubaya. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakisoma jina geni kwenye ripoti na kuanza kugawa mali. Saratani ya tubula, ambayo huwa ndogo na hukua polepole, ni miongoni mwa zenye matokeo mazuri zaidi. Saratani ya musini, inayoelea katika ute wake yenyewe na kuwapata zaidi akina mama wazee, nayo huenda taratibu na wengi hupona. Ile ya adenoidi sistiki haina vipokezi vyovyote vya homoni wala HER2, hali ambayo kwa kawaida huashiria ugonjwa mkali, lakini yenyewe ni pole, na mara nyingi haifiki kwenye tezi. Mgonjwa wa aina hiyo akipewa tiba kwa kuangalia vipokezi tu bila jina, anaweza kutwishwa kemo nzito asiyoihitaji.

Baada ya mionzi, na kwa wanaume

Mashine za mionzi zimefika Eldoret na Nakuru, na si lazima tena kila mgonjwa wa magharibi apande basi hadi Nairobi. Hilo ni jambo la kushangilia. Watu wengi zaidi wataishi miaka mingi baada ya mionzi, na wachache sana kati yao, kwa kawaida kuanzia miaka mitano hivi baadaye, huota madoa ya zambarau au meusi kwenye ngozi iliyopigwa mionzi, kana kwamba wamejigonga. Doa la kujigonga hufifia kwa wiki mbili. Hili linatanuka. Ni anjiosakoma, saratani ya mishipa ya damu. Inaweza pia kutokea kwenye mkono uliovimba kwa miaka baada ya tezi za kwapa kuondolewa. Yeyote aliyewahi kutibiwa saratani ya titi alionyeshe doa kama hilo kwa daktari wake bila kungojea tarehe ya kliniki.

Wanaume ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wa saratani ya titi, na huja wamechelewa kwa sababu ya aibu tu. Kwao kwa kawaida ni uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, usiouma, au chuchu iliyovutwa ndani. Titi la mwanaume ni jembamba, saratani haina safari ndefu kufika kwenye ngozi au kifuani. Wanaume waliorithi hitilafu kwenye jeni ya BRCA2 wako katika hatari zaidi, kwa hiyo baba au mjomba mwenye ugonjwa huu ni habari ambayo binti zake na dada zake wanapaswa kumpa daktari wao. Baba wa boda boda anayesema ni kugongwa na usukani aangaliwe kama mtu mwingine yeyote.

Kipande cha nyama na karatasi yake

Kila aina niliyoitaja hutambuliwa kwa njia moja, bayopsi, yaani kutoa kipande cha nyama kikapimwe. Na hapa kuna imani iliyoenea kuanzia Kakamega hadi Migori: kwamba ugonjwa ukiguswa na sindano au kisu unasambaa. Imani hiyo imetokana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho. Mgonjwa alikwenda hospitali, akachomwa, akafa baada ya miezi mitatu. Alikuwa amefika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na sindano ndiyo kumbukumbu ya mwisho waliyobaki nayo jamaa. Bayopsi ya sindano nene, inayotoa vipande vyembamba kwa ganzi, haimfupishii mgonjwa maisha. Bila hiyo daktari anatibu kwa kubahatisha.

Nyama ikishatolewa inapaswa kuingizwa upesi kwenye chombo chenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya kutosha. Ikikaushwa na jua ndani ya gari, au ikiwekwa kwenye maji, inaharibika, na vipimo vya vipokezi vinaweza kutoa jibu la uongo. Wakati mwingine ni mgonjwa au jamaa yake anayepewa chombo hicho akipeleke maabara ya mjini mwenyewe. Asikifungue, asikiache nyumbani hadi Jumatatu, na ahakikishe jina na upande wa titi vimeandikwa juu yake. Aulize mapema pia kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipia kipimo, na kama kile cha vipokezi kimejumlishwa, maana mara nyingi huagizwa peke yake.

Ripoti ikija, mambo ya kutafuta ni aina ya saratani, daraja lake (ukali wa seli zake), na majibu ya ER na PR, ambavyo ni vipokezi vya homoni, na HER2. Ikiwa imeandikwa saratani tu bila aina, au vipokezi havikupimwa, mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kukubali tiba yoyote. Ikiwa imetajwa mojawapo ya aina hizi adimu, ni busara vigae vya kioo vyenye nyama ile visomwe na mwanapatholojia (daktari anayesoma nyama maabara) wa pili. Vigae hivyo huhifadhiwa maabara na vinaweza kuombwa kupelekwa Eldoret, Nakuru au Nairobi bila mgonjwa kuchomwa tena. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wa saratani ya titi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu alipofika hospitali mara ya kwanza, na aliyeanza kwa dozi tatu za dawa za jipu amekwisha kutumia karibu nusu ya siku hizo. Nakala ya ripoti abaki nayo mwenyewe, apige na picha kwa simu, kwa sababu kila daktari atakayemwona tangu siku hiyo ataiuliza kabla ya kitu kingine chochote.